Mkono uliofundishwa kunyamaza

Leo naomba tuachane na siasa kidogo. Nataka tuzungumzie mkono.

Ukiingia kwenye nyumba yenye mgonjwa wa kiharusi utakuta mambo yanafanana, iwe Tandale au Machame. Mgonjwa amekaa kwenye kiti, mkono mmoja umelala mapajani, vidole vimejikunja. Binti anamlisha. Mkwe anamfunga vifungo vya shati. Jioni anakuja mtu wa kumchua kwa mafuta na kumkanda kwa maji ya moto. Ukiuliza habari za mkono utajibiwa: mkono ndiyo basi tena, tunashukuru Mungu anaongea.

Swali langu ni hili: nani alisema mkono ndiyo basi tena?

Ukifuatilia historia utaona kwamba hata madaktari wa Ulaya na Marekani waliamini hivyo kwa muda mrefu sana. Na mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wengi kuibomoa imani hiyo hakuwa hata daktari. Alikuwa mwanasaikolojia aliyekuwa akichunguza tumbili, akafikishwa mahakamani kwa sababu ya tumbili haohao. Ni kisa kirefu na chenye utata, kwa hiyo vuta kiti.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Kiharusi ni mshipa wa damu wa ubongo kuziba au kupasuka. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu inakufa. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha upande wa kulia wa mwili, na wa kulia unaendesha kushoto, ndiyo maana mtu hupooza upande mmoja. Sasa angalia: mkono wenyewe hauumwi. Misuli ipo, mifupa ipo. Kilichoharibika ni ofisi inayotoa amri. Lishike hilo, tutalihitaji mbele.

Na msiseme huu ni ugonjwa wa wazungu au wa wenye vitambi. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika wilayani Hai na hapa Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006. Baada ya kuweka sawa tofauti za umri, wagonjwa wapya kwa mwaka walikuwa takriban 109 katika kila watu 100,000 kule Hai, na takriban 316 hapa Dar. Hicho cha Dar ni kiwango kikubwa hata ukikilinganisha na nchi tajiri. Presha isiyotibiwa ni moja ya sababu kubwa. Wapo wanaosema ni majini. Sitaki ugomvi na mtu, ila ningependa huyo anayesema majini naye akapime presha.

Haya, turudi nyuma. Mwaka 1895, London. Wanasayansi wawili, Frederick Mott na Charles Sherrington, wanafanya jaribio juu ya tumbili. Mishipa ya fahamu inayohusika na mkono imegawanyika mara mbili: ipo inayopeleka amri kwenye mkono, na ipo inayorudisha hisia kwenye uti wa mgongo. Mott na Sherrington walikata ile ya hisia peke yake, ya amri wakaiacha nzima. Kwa mantiki ya kawaida mkono ungeendelea kufanya kazi, ila tu usihisi kitu. Haikuwa hivyo. Tumbili aliuacha ukaning'inia kama kitambaa. Hakushika chakula, hakujikuna, hakupanda kwa mkono ule.

Wakafikia hitimisho kwamba pasipo hisia hakuna kujongea kwa hiari. Sherrington akaja kuwa mmoja wa wakubwa wa sayansi ya neva duniani, Nobel akaipata mwaka 1932. Mkubwa akishasema, wadogo huandika kwenye madaftari. Sisi tuliosoma shule zetu tunaujua mchezo huo.

Lakini zilikuwepo sauti nyingine. Mwaka 1909 Mjerumani Hermann Munk alieleza kwamba tumbili wa namna hiyo anaweza kuutumia mkono ule ikiwa mkono mzima umezuiwa. Kisha 1917, kule Washington, Shepherd Franz na Robert Ogden wakatoa taarifa ambayo ukiisoma leo unashika kichwa. Wao hawakukata mishipa ya hisia, waliharibu sehemu ya ubongo inayoendesha mkono, yaani kitu kinachofanana na kiharusi chenyewe. Tumbili walioachwa bila matibabu walibaki na ulemavu. Wale waliofungwa mkono mzima na kulazimishwa kuutumia mkono mbovu walirudi kuwa wazima kwa kiasi kikubwa, tena ndani ya wiki chache. Miaka miwili kabla ya hapo Franz alikwishaandika kwamba hata binadamu waliopooza siku nyingi wanaweza kurudishiwa baadhi ya miondoko yao wakishughulikiwa vizuri.

Mwaka 1917! Karne nzima na zaidi iliyopita. Nini kikatokea? Hakuna. Taarifa ile ikalala makabatini.

Kwa nini? Nadhani sababu kubwa ni kwamba haikuwa na mahali pa kukaa kwenye imani ya wakati ule. Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyeupa ulimwengu picha za kwanza nzuri kabisa za seli za ubongo, alikuwa amefundisha kwamba njia za neva za mtu mzima zimeshakamilika na hazibadiliki, kinachokufa kimekufa. Ukiamini hivyo, kumhangaisha mgonjwa ili mkono urudi ni sawa na kumwagilia maji mti uliokatwa. Ni afadhali umfundishe kuishi na mkono mmoja, na hicho ndicho kilichofanyika.

Si kwamba hakuna waliojaribu. Berta Bobath, mwalimu wa mazoezi ya mwili kutoka Berlin, na mumewe Karel aliyekuwa daktari, walikimbilia London wakati Hitler anawawinda Wayahudi. Katika miaka ya 1940 Berta alimhudumia mchoraji mmoja aliyekuwa amepooza, akaona kwamba mkono uliokakamaa unaweza kulegezwa kwa kumweka na kumwongoza mgonjwa kwa namna fulani. Kutoka hapo ikazaliwa njia ya Bobath, na kitabu cha Berta juu ya watu wazima waliopooza upande mmoja kilitoka mwaka 1970. Mwaka huohuo Msweden Signe Brunnström, aliyefanya kazi Marekani, naye alitoa chake, akieleza hatua ambazo mkono hupitia kutoka kulegea kabisa, kwenda kukakamaa, hadi kurudi kwenye miondoko ya kawaida. Kabla yao, mwaka 1951, daktari Thomas Twitchell alikuwa amefuatilia wagonjwa 121 na kuandika kwa utaratibu jinsi mkono unavyorudi pale unaporudi.

Watu hawa waliwarudishia wagonjwa heshima, walikataa kuwaacha kitandani. Njia ya Bobath imetawala hospitali nyingi duniani kwa miongo kadhaa. Tatizo ni kwamba utafiti wa kulinganisha ulipokuja kufanyika miaka ya baadaye haukuonyesha kwamba inashinda njia nyingine. Kulikuwa na imani nyingi na vipimo vichache.

Sasa tuje kwa bwana mwenyewe. Edward Taub, mzaliwa wa New York, 1931. Akiwa kijana alirudia jaribio la Mott na Sherrington, lakini akaongeza kitu kimoja: mkono mzima aliufunga. Tumbili mwenye njaa, chakula kiko mbele yake, mkono mzima umefungwa, ule mwingine hauna hisia. Akautumia! Kwa shida na kwa kubabaisha, lakini akautumia. Hitimisho la Sherrington likapasuka.

Basi kama mkono ulikuwa unaweza siku zote, kwa nini tumbili asiutumie mwenyewe? Jibu la Taub ndilo kiini cha makala hii, naomba ulisome polepole.

Mara tu baada ya jeraha, mfumo wa neva unapigwa na mshtuko. Kwa muda mkono hauwezi kweli. Mnyama anajaribu kushika chakula, kinaanguka. Anajaribu kuuegemea, anaanguka yeye. Kila jaribio linaadhibiwa. Papo hapo anagundua kwamba mkono wa pili unafanya kazi zote vizuri tu, na kila akiutumia anapata chakula. Baada ya wiki au miezi mshtuko unaisha, uwezo unarudi chini kwa chini. Lakini mnyama hajui kwamba umerudi, kwa sababu ameshaacha kujaribu. Amefundishwa, na mafunzo yameshika. Mkono umefundishwa kunyamaza.

Dawa yake, akasema Taub, ni kumwondolea njia ya mkato. Aliona kwamba ukiufunga mkono mzima siku moja au mbili, ukiufungua tu tumbili anarudia mazoea. Ukiufunga wiki moja au mbili, matumizi ya mkono mbovu yanabaki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akaanza kujiuliza: je, wagonjwa wa kiharusi nao hawajafundishwa hivihivi? Mwaka 1980 akaliandika wazo hilo.

Mwaka 1981 dunia ikamwangukia.

Maabara yake ilikuwa Silver Spring, Maryland, nje kidogo ya Washington. Mei ya mwaka huo kijana mmoja, Alex Pacheco, alifika kuomba kujitolea. Taub akampokea. Asichojua ni kwamba Pacheco alikuwa mmoja wa waanzilishi wa PETA, chama cha kutetea wanyama kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Pacheco akawa anapiga picha usiku. Tarehe 11 Septemba 1981 polisi wakavamia na kuwachukua tumbili 17. Picha zilionyesha vizimba vidogo vichafu na wanyama wenye majeraha, wengine wakiwa wamejitafuna vidole vya ule mkono usio na hisia.

Taub alishtakiwa kwa makosa 119. Mahakama ya kwanza ilimtia hatiani kwa sita, ikisema hakuwapatia wanyama huduma ya daktari wa mifugo inavyostahili. Kesi iliposikilizwa upya 1982 likabaki kosa moja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufaa ya Maryland ikalifuta na hilo, ikisema sheria ya jimbo haikuhusu utafiti uliofadhiliwa na serikali kuu. Kwa maneno mengine alitoka kwa hoja ya kisheria, na mjadala wa kama vizimba vile vilikuwa halali kwa dhamiri ya binadamu haukufungwa. Mwaka 1985 Marekani ikaongeza makali kwenye sheria ya ustawi wa wanyama, na kesi hii ni moja ya sababu.

Mimi kama mwandishi wa habari nimeisoma kesi hii mara kadhaa na kila mara nakosa upande wa kukaa kwa raha. Pacheco aliingia kwa kudanganya, lakini alichopiga picha kilikuwepo. Taub alikuwa na wazo ambalo lingewainua watu, lakini wanyama waliolibeba wazo hilo waliteseka kuliko ilivyolazimu. Wanaotaka shujaa mmoja na shetani mmoja hawatampata hapa. Nasema haya kwa sababu mgonjwa anayeinua kikombe leo kwa tiba hii anapaswa kujua kikombe kile kimepita wapi.

Taub alipoteza maabara, fedha na jina. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Alabama kule Birmingham kikampa nafasi. Wakati huo kule Atlanta mtafiti Steven Wolf na wenzake walikuwa wameshaanza kuwafunga wagonjwa mkono mzima, wa kwanza akitajwa kwenye taarifa ya 1981. Taub akaongeza mazoezi juu ya kufunga. Mwaka 1993 akachapisha matokeo: wagonjwa tisa tu, wote waliopata kiharusi zaidi ya mwaka mmoja nyuma, yaani wale ambao hospitali zilikwishawaambia ndiyo basi. Wanne walifungwa mkono mzima siku 14, wakifanya mazoezi saa sita kwa siku kwa siku 10 za kazi. Wale wanne walipiga hatua kubwa, na bado walikuwa nayo miaka miwili baadaye.

Mazoezi yenyewe si miujiza. Kuokota punje, kugeuza ukurasa, kufungua kifuniko, kufuta meza. Kazi inakatwa vipande vidogo, mgonjwa anapandishwa ngazi moja moja, kila hatua anasifiwa. Nyumbani anaweka ahadi ya maandishi ya kazi gani atazifanya kwa mkono mbovu, na kila siku anaulizwa: jana uliutumia kwa nini na nini? Wenye kuijua tiba hii wanasema sehemu hiyo ya nyumbani ndiyo moyo wake, glovu ni kikumbusho tu.

Wagonjwa tisa hawatoshi kubadili dunia. Jaribio kubwa, lililoitwa EXCITE, lilifanyika vituo saba vya Marekani kwa wagonjwa 222 waliokuwa kati ya miezi mitatu na tisa baada ya kiharusi. Wolf na Taub walikuwamo wote. Matokeo yalitoka 2006: waliopata tiba waliwazidi waliopata huduma za kawaida, na tofauti ilikuwepo hata baada ya mwaka.

Na ubongo je, ule usiobadilika? Hapa wale tumbili wa Silver Spring wanarudi. Mwaka 1991 Tim Pons na wenzake, Taub akiwemo, walichapisha vipimo vya ubongo wa baadhi yao, miaka 12 hivi baada ya mishipa kukatwa. Eneo la ubongo lililokuwa la mkono halikuwa limelala bure. Lilikuwa limechukuliwa na uso! Ukigusa uso wa tumbili, sehemu ya mkono inaitika. Ubongo wa tumbili aliyekomaa ulikuwa umejipanga upya kwa kiasi ambacho hakuna aliyekitarajia. Mwaka 1996 Randolph Nudo akaonyesha kwamba baada ya kiharusi kidogo cha kutengenezwa, tumbili asiyefanya mazoezi anapoteza hata eneo la jirani ambalo halikudhurika, na anayefanya analihifadhi. Mwaka 2000 Joachim Liepert akapima wagonjwa 13 wa kiharusi kabla na baada ya tiba ya Taub, akakuta eneo la ubongo linaloendesha mkono limepanuka. Ile ofisi ya amri, kumbe, inaweza kuhamia vyumba vya jirani.

Matokeo ya 1991 yalimgusa pia V. S. Ramachandran, Mhindi aliyekuwa California, aliyeanza kuwachunguza watu waliokatwa mikono lakini bado wanaihisi. Akatumia kioo cha kawaida: mgonjwa anatazama mkono mzima kwenye kioo, ubongo unaona kama ule mwingine unajongea. Mwaka 1999 Eric Altschuler na wenzake wakakijaribu kioo hicho kwa wagonjwa tisa wa kiharusi, na leo ni sehemu ya tiba nchi nyingi. Kioo, ndugu zangu. Cha dukani.

Baadaye zimekuja mashine. Zipo roboti zinazousogeza mkono mamia ya mara kwa saa. Lakini jaribio la Uingereza la wagonjwa 770, lililochapishwa 2019, halikuonyesha kwamba roboti inaushinda uangalizi wa kawaida katika kuurudishia mkono kazi zake. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha kifaa kinachopandikizwa kifuani na kusisimua neva ya shingoni wakati mgonjwa anafanya mazoezi. Kina ushahidi, ila ni cha wenye pesa.

Nisiwadanganye, tiba ya kufunga mkono ina mipaka. Inamhitaji mtu ambaye kifundo na vidole vyake bado vinainuka japo kidogo. Wengi hawana hata hicho. Pia si suala la kukimbilia: jaribio moja la 2009 kwa wagonjwa 52 walioanza mapema, siku chache tu baada ya kiharusi, lilionyesha kwamba waliopewa dozi kali zaidi walipona kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Na mtu asiye imara miguuni ukimfunga mkono mzima unaweza kumvunja nyonga. Kwa hiyo kabla ya kuchukua kanga na kumfunga babu, mwone mtaalamu wa fiziotherapia. Kuna namna nyepesi zaidi iliyojaribiwa tangu 2001: mazoezi ya nusu saa mara tatu kwa wiki na mkono mzima kufungwa saa tano kwa siku, kwa wiki 10. Hiyo hata kwetu inawezekana.

Lakini hata kabla ya glovu na kioo, kuna kitu ambacho historia hii inatudai sisi. Kwetu kumhudumia mgonjwa ni heshima. Mama akiugua, watoto hawataki hata anyanyue kijiko, majirani wangesemaje? Tunamlisha, tunamvisha, tunamshikia kikombe. Kwa upendo kabisa tunakuwa ule mkono wa pili wa tumbili: njia ya mkato inayofanya kazi kila mara, mpaka mkono mgonjwa unakata tamaa. Upendo unaofanya kila kitu ni mwalimu hodari sana wa kunyamaza.

Mwacheni amwage chai. Mwekeeni sahani upande wa mkono mgonjwa. Mpeni maharage achambue, hata yakimchukua asubuhi nzima. Kumchua sikatazi, kunampa faraja, lakini anayechuliwa hafanyi kazi, na ubongo haujengwi na kazi ya mtu mwingine. Na msihesabu miaka. Wale wanne wa 1993 walikuwa wameshapita mwaka mmoja tangu wapooze.

Akiwepo mtu kama huyo nyumbani kwako, leo jioni muulize swali lile ambalo wagonjwa wa Birmingham wanaulizwa kila siku: mkono huu jana uliutumia kwa nini?

Tuwe na siku njema. Na mkapime presha.